Namna ya kuhesabu rekodi ya kocha wa timu ya chuo: ushindi wa mezani, penalti na misimu isiyo na nyaraka

Mwalimu wa Namatala (Mbale):

Ndugu zangu wa jukwaa hili, nawasalimu. Chama cha wanafunzi wa zamani wa chuo kimoja cha ualimu huku mashariki mwa Uganda kimenikabidhi kazi ya kuandika kijitabu kuhusu kocha aliyeongoza timu yetu ya mpira wa miguu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi alipostaafu. Katika kijitabu hicho wanataka pawe na ukurasa mmoja wa rekodi yake yote: mechi alizosimamia, alizoshinda, alizotoka sare na alizofungwa. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu wachezaji wake wametawanyika Tororo, Busia pande zote mbili za mpaka, Eldoret na Mwanza, na Kiswahili ndicho alichokuwa akiwafokea mazoezini.

Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Mzee mwenyewe amenipa madaftari yake matatu, moja likiwa limeliwa na mchwa pembeni, na mechi nyingi humo zina tarehe, jina la mpinzani na mabao. Shida ni zile zisizokubali kukaa katika safu yoyote. Ipo fainali iliyokwisha 1–1, tukatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Yeye ameiandika kuwa ushindi. Ipo mechi ambayo wapinzani hawakutokea, tukapewa ushindi wa mezani wa 3–0. Ipo mechi tuliyoshinda uwanjani, kisha kamati ya mashindano ikatupokonya ushindi huo kwa kuwa tulimchezesha kijana aliyekuwa ameshahitimu. Daftarini imebaki ushindi, tena imepigiwa mstari mara mbili. Upo pia muhula ambao Mzee alilazwa hospitalini na msaidizi wake ndiye aliyesimama kando ya uwanja. Zaidi ya hayo yote, kuna misimu miwili ambayo sina hata mstari mmoja.

Je, ipo kanuni inayokubalika ya kuhesabu mambo haya, au kila mwandishi hujiamulia? Sitaki kumwongezea Mzee asichokipata, wala sitaki kumpunguzia.

Afande Mstaafu (Jinja):

Mwalimu, umeuliza swali ambalo huku kwetu watu hulikimbia. Nilikuwa karani wa timu ya kikosi kwa miaka kadhaa, nami naijua adha hiyo. Kila mpenda soka wa rika langu atakwambia kwamba Simba, timu ya jeshi la Uganda, ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972 ikafungwa na Hafia ya Guinea. Lakini waulize watu watatu ni nani aliyekuwa benchi siku hiyo, utapata majibu manne.

Waliojadili jambo hili kwa undani kuliko wote, kwa kadiri nilivyosoma, ni Wamarekani, kwa sababu kule kocha wa timu ya chuo ni mtu mashuhuri na idadi ya ushindi wake hutajwa kama umri wake. Mchezo wao ni mwingine, ule wa mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu, lakini matatizo ya hesabu ni yale yale uliyoyaorodhesha, nao wameyapitia moja baada ya jingine hadharani.

Nianze na ushindi uliopokonywa, maana hapo ndipo penye mtego. Wamarekani wana adhabu za namna mbili na watu wengi huzichanganya. Namna ya kwanza ni kuligeuza tokeo: aliyeshinda anaandikiwa kufungwa. Gene Stallings aliiongoza Alabama kuanzia 1990 hadi 1996, na uwanjani alishinda mechi 70, akafungwa 16, akatoka sare moja. Kwa kosa la kumchezesha mchezaji asiyestahili msimu wa 1993, ushindi wa mechi 8 pamoja na ile sare moja viligeuzwa kuwa vipigo, na rekodi rasmi ikawa ushindi 62 na vipigo 25. Angalia kwamba jumla ya mechi haikubadilika, bado ni 87. Namna ya pili ni kufuta: aliyeshinda ananyang'anywa ushindi, lakini haandikiwi kufungwa. Bobby Bowden wa Florida State alifutiwa ushindi wa mechi 12 za misimu ya 2006 na 2007, akashuka kutoka 389 hadi 377, na safu ya vipigo haikuguswa. Hapo jumla ya mechi hupungua, ingawa kila mtu anajua zilichezwa.

Kisha kuna Joe Paterno wa Penn State, ambaye kisa chake kinapaswa kumtisha kila mwandishi wa rekodi. Alimaliza kazi mwaka 2011 akiwa na ushindi 409. Mwaka 2012 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilifuta ushindi 111 kutokana na kashfa nzito iliyohusu chuo chake, akabaki na 298. Januari 2015 ushindi huo ukarudishwa. Kwa hiyo kitabu kilichochapishwa mwaka 2013 na kilichochapishwa mwaka 2016 hutofautiana kwa mechi 111, na hakuna hata mpira mmoja uliochezwa katikati.

Ushauri wangu basi: weka safu mbili zinazosimama kando kwa kando, moja ya matokeo ya uwanjani na nyingine ya matokeo rasmi. Chini ya jedwali andika, kwa sentensi kamili, ni mechi gani inayozitofautisha safu hizo na ni uamuzi gani uliosababisha. Lakini kabla ya kuandika, tafuta barua ya kamati. Ukijua tu kwamba “tulipokonywa”, bado hujui kama mpinzani alipewa ushindi wa mezani au mechi ilifutwa tu, na hizo ni hesabu mbili tofauti kama nilivyoonyesha.

Fainali ya penalti haina mjadala mrefu. Sheria za soka zinasema kwamba mikwaju hiyo hupigwa baada ya mechi kwisha, ili kumpata wa kusonga mbele au wa kubeba kombe. Mechi yenyewe ni sare ya 1–1. Kombe ni la kwenu, liandike kwenye orodha ya mataji. Kwenye safu ya ushindi halimo.

Beki wa Zamani (Tororo):

Kwa heshima zote, Afande, mimi nilicheza hiyo mechi tuliyopokonywa. Kijana yule alikuwa amemaliza mtihani wa mwisho lakini matokeo yalikuwa hayajatoka, na chuo chenyewe kilikuwa bado kinamlisha. Tulishinda kwa jasho, mvua ikinyesha, na Mzee alitubeba mgongoni mmoja mmoja. Sasa aje mtu miaka ishirini baadaye atuandikie kuwa tulifungwa? Hiki ni kijitabu cha kumuenzi mtu, si kesi ya mahakamani. Mwalimu, acha mistari miwili ya Mzee kama alivyoipiga.

Afande Mstaafu (Jinja):

Ndugu Beki, ndiyo maana nikasema safu mbili. Katika ile ya uwanjani mlishinda na hakuna atakayeugusa ushindi wenu. Lakini mkificha uamuzi wa kamati, atatokea mtu wa chuo kile kingine akiwa na barua mkononi, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayeyaamini hata yale matokeo mengine ambayo ni ya kweli.

Nilisahau suala la msaidizi. Tazama Michigan msimu wa 2023: timu ilimaliza na ushindi 15 bila kufungwa, lakini kocha mkuu Jim Harbaugh alikuwa amesimamishwa kwa mechi sita, hivyo jina lake likaandikiwa ushindi 9 bila kipigo na mechi zile sita zikagawiwa wasaidizi waliosimama badala yake, nne kati ya hizo zikiwa za Sherrone Moore. Kwa kulazwa hospitalini wengi hulegeza kamba, hasa pale ambapo kocha bado anapanga kikosi kutoka kitandani. Mimi ningeuliza swali moja tu: nani alichagua kumi na mmoja wa kuanza? Kama ni Mzee, ni zake. Kama ni msaidizi, mpe msaidizi haki yake, naye pengine hajawahi kutajwa popote.

Mkutubi (Kampala):

Mwalimu, mimi niingilie upande wa nyaraka, kwa sababu naona wote wanazungumza kana kwamba madaftari ya kocha ni ushahidi uliokamilika. Daftari la kocha ni shahidi mmoja, tena shahidi mwenye mapenzi.

Kwa kila mechi fungua kadi yake, hata kama ni karatasi ya daftari iliyokatwa nne. Andika tarehe, uwanja, mpinzani, mashindano, mabao, aliyekuwa benchi, kisha mahali ulipoipata kila moja ya habari hizo, kwa sababu mara nyingi mabao yanatoka daftarini ilhali tarehe inatoka gazetini. Usiandike “chanzo: gazeti” ukaishia hapo. Andika gazeti gani, la siku gani, ukurasa wa ngapi. New Vision linachapishwa tangu 1986 na Monitor tangu 1992, kwa hiyo kipindi chote cha Mzee wako kimo ndani ya magazeti hayo mawili, na Bukedde la Kiluganda nalo usiliache, maana michezo ya vyuo wakati mwingine hupata nafasi humo kuliko katika ya Kiingereza. Maktaba kuu ya Makerere ina mafungu ya magazeti ya zamani. Nenda na barua ya utambulisho kutoka chamani na uvumilivu wa kufunua kurasa.

Jihadhari na mambo mawili. Gazeti la Jumatatu likisema “juzi”, mechi ilikuwa Jumamosi. Nimeona watu wakiandika tarehe ya gazeti kama tarehe ya mechi, kisha mechi moja ikahesabiwa mara mbili kwa sababu daftari lina tarehe moja na kadi ina nyingine. Jambo la pili ni majina ya vyuo. Kyambogo ilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu zilizokuwa jirani pale kilimani, mojawapo ikiwa Uganda Polytechnic. Chuo cha Biashara cha Nakawa nacho kiliunganishwa na kitivo cha biashara cha Makerere mwaka 1997, kikawa MUBS, yaani Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mpinzani wa mwaka 1995 na mpinzani wa mwaka 2004 wanaweza kuwa timu moja kwa macho ya wachezaji, na timu mbili kwenye nyaraka. Liandike jina lililotumika siku ya mechi, na maelezo ya muungano yaweke kwenye tanbihi.

Ukiwahoji wachezaji, wahoji mmoja mmoja. Ukiwakalisha pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa nyaraka yako. Wala usiwaulize “mlishinda ngapi”. Uliza nani alifunga, mlisafiri kwa gari gani, mlikula wapi mkirudi. Mtu aliyekuwepo hukumbuka chakula.

Mpenda Takwimu (Arua):

Nimesoma yote kwa furaha. Nina maneno mawili kuhusu hesabu yenyewe, na la pili ndilo linalonikosesha raha.

La kwanza ni asilimia. Usiiweke bila kusema ulivyoihesabu sare. Chukua Eddie Robinson, aliyefundisha Grambling, chuo cha watu weusi huko Louisiana, tangu 1941 hadi 1997: ushindi 408, vipigo 165, sare 15, jumla mechi 588. Ukigawanya ushindi kwa mechi zote unapata asilimia 69.4. Wamarekani huhesabu sare kuwa nusu ya ushindi, na kwa njia hiyo anapata 70.7. Namba zote mbili ni sahihi na zote zinamhusu mtu yule yule. Kule sare zilikoma mwaka 1996 walipoanza kucheza muda wa nyongeza mpaka mshindi apatikane, lakini kwetu sare ni mkate wa kila siku, hivyo uchaguzi wa kanuni utamhusu Mzee wako kuliko unavyomhusu Robinson. Kama unadhani ni mambo madogo, mtazame kocha mwingine wa kule, Mike Leach, aliyefariki mwaka 2022 akiwa na ushindi 158 na vipigo 107. Kanuni ya miaka mingi ya kuingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa vyuo ilidai asilimia 60. Yeye alikuwa na 59.6. Kipigo kimoja tu kati ya hivyo 107 kingekuwa ushindi, angefika 60 kamili.

Ukipenda kutumia pointi badala ya asilimia, kumbuka kwamba ushindi haukuwa na pointi tatu siku zote. Kombe la Dunia lilianza kuzitumia mwaka 1994, na mashindano mengine yakafuata kila moja kwa wakati wake. Kwa kocha aliyeanza mapema miaka ya 1990, jedwali la msimu wake wa kwanza huenda lilihesabiwa kwa pointi mbili, na usilirekebishe ili lifanane na mengine.

La pili ni misimu yako miwili isiyo na mstari. Robinson naye ana pengo: miaka ya 1943 na 1944 haimo katika rekodi yake. Lakini pengo lake ni la vita, Grambling haikuwa na timu. Lako ni la karatasi: mechi zilichezwa, zikapotea. Mapengo hayo mawili yakiandikwa kwa kistari kile kile, msomaji atadanganyika.

Tena karatasi hazipotei kwa bahati sawa. Kombe huwekwa kabatini, picha ya washindi hutundikwa ukutani, gazeti lenye habari ya ushindi hukatwa na kutunzwa ndani ya Biblia au msahafu. Kipigo cha 4–0 siku ya mvua hakuna anayekikatia gazeti. Kwa hiyo mechi ulizozipata zina uzito wa ushindi kuliko mechi zote zilizochezwa, na asilimia yoyote utakayoitoa kwa hizo itakuwa juu kidogo kuliko ukweli. Dawa yake si kukisia vipigo. Pata ratiba za mashindano za misimu hiyo, maana ratiba huandikwa kabla mtu hajajua atafungwa. Hesabu mechi zilizopaswa kuchezwa. Kisha ongeza safu ya nne katika jedwali lako, iitwe “tokeo halijulikani”. Wacha msomaji aione namba hiyo na ajipimie mwenyewe.

Mwalimu wa Namatala (Mbale):

Ndugu zangu, ahsanteni. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa barabarani.

Nilimtafuta msaidizi wa Mzee, nikampata karibu na Kumi, anafuga ng'ombe. Nilimuuliza swali la Afande, nani alichagua kumi na mmoja. Alicheka sana, akasema kwamba kwa mechi mbili za kwanza Mzee alikuwa akituma karatasi kutoka wodini kwa boda boda, na baada ya hapo daktari alimnyang'anya kalamu. Mechi mbili basi ni za Mzee na zilizobaki za muhula ule ni za msaidizi, nami nitaliandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Kubwa zaidi ni kwamba naye alikuwa na daftari. Ndani yake kuna msimu mmoja kati ya ile miwili niliyokuwa nimeikosa, na hapo nikakumbuka maneno ya ndugu yetu wa Arua, kwa sababu ulikuwa msimu mbaya kabisa. Mzee hakuupoteza. Nilipomwonyesha aliutazama kwa muda, akasema, “Huo niliuacha kwa mke wangu atumie kuwashia sigiri.” Sikujua kama anatania.

Kuhusu mechi tuliyopokonywa, barua ya kamati imepatikana katika faili la mlezi wa michezo: wapinzani walipewa 3–0. Nitafuata safu mbili. Ndugu Beki, nimempelekea Mzee hoja yako na ya Afande bila kumwambia nipo upande gani, naye amekubali safu mbili kwa sharti kwamba mistari yake miwili ichapishwe chini ya ule ushindi wa uwanjani, vile vile kama ilivyo daftarini. Mchapaji anasema inawezekana.

Bado nina swali moja. Daftari la msaidizi limejaa mechi za kirafiki, nyingine dhidi ya shule za sekondari, na moja dhidi ya askari magereza ambamo kila timu ilikuwa na watu tisa. Je, ziingie?

Afande Mstaafu (Jinja):

Zikae jedwali lake peke yake, ukurasa wa nyuma, na zisijumlishwe na za mashindano. Hiyo ya watu tisa iandike kama ilivyokuwa, watu tisa kwa tisa. Nitakuwa wa kwanza kuisoma.

Mwalimu wa Namatala (Mbale):

Nimeelewa, Afande. Kijitabu kinakwenda kwa mchapaji mwezi ujao. Ndugu Beki, naomba unitumie jina la kijiji mlikochezea ile mechi ya Bududa, kwa sababu pale penye safu ya uwanja Mzee ameandika “kule juu” tu, na msaidizi wake ameandika “kwenye mteremko”.